Risala ya Wanafunzi wa Klabu ya Ustawi wa Wanyama kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi, Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Mifugo wa Jiji letu la Tanga, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu: itifaki imezingatiwa. Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu.

Siku za Jumamosi klabu yetu huenda katika kituo kinachotunza paka na mbwa waliookotwa, tukasafisha vibanda, tukabadilisha mchanga na kupika dagaa. Huko kuna jambo linalotuuma. Familia ikija kuchukua paka, macho yote huwaelekea watoto wa paka. Paka wa miaka mitatu, mitano au saba hubaki. Baadhi yao walilelewa majumbani, wenyewe wakahama au wakafariki. Wengine waliokotwa soko la samaki la Deep Sea au vichochoroni Ngamiani, sikio limechanika, mkia umekatika. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hao ndio wanaozifaa nyumba nyingi za hapa kwetu.

Mtoto wa paka humjui atakuwaje ukubwani. Paka mkubwa tabia yake imekwisha kujulikana. Mtunzaji atakwambia huyu anapenda kupakatwa, huyu hataki kelele, yule haivi na mbwa. Bibi anayeishi peke yake atapewa mtulivu, mwenye duka la nafaka atapewa mwindaji. Shume asiyekubali kuguswa hatumshauri mwenye watoto wadogo, na kituo husema hivyo waziwazi. Wala tusidhani paka wa miaka mitano amezeeka. Akitunzwa vizuri, aghalabu hufika miaka 15.

Tena huyo mkubwa hutolewa kituoni akiwa amechanjwa na kufungwa kizazi. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, akaibeba kwa takriban siku 65, kisha akazaa tena mwaka huohuo. Watoto wa paka tunaowakuta wametupwa jalalani ndani ya viroba wanatokana na hapo.

Wazazi wetu, tunawaomba subira. Paka huyu akifika nyumbani atajificha uvunguni, pengine siku kadhaa. Msimvute. Mpeni chumba kimoja kitulivu, maji, na beseni la mchanga mbali na chakula. Atatoka mwenyewe. Akipitisha zaidi ya siku moja bila kula, mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Na tafadhali sana, msimpe dawa za binadamu: kidonge kimoja cha parasetamoli chaweza kumuua.

Wengi wetu tumefundishwa madrasa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Na nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Dini na sheria, vyote vimekwisha kusema. Kilichobaki ni sisi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi kwako. Chanjo ya kichaa cha mbwa ikitangazwa, watu huleta mbwa na kuwaacha paka nyumbani, ilhali paka naye huambukizwa na akamwambukiza mtu. Tunaomba matangazo ya chanjo, hasa ya Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, Septemba 28, yamtaje paka waziwazi. Tunaomba pia ofisi yako itusaidie kupata daktari wa kufunga vizazi vya paka kwa gharama nafuu, kwa kuwa kituo hutegemea michango na paka wanaosubiri ni wengi. Ombi la tatu ni sauti yako. Sisi ni watoto, tukisema mtaani tunachekwa; ukisema wewe, watu watasikia.

Wazazi, picha za paka wakubwa wanaosubiri tumezibandika mlangoni mwa bwalo, na chini ya kila picha tumeandika tabia yake. Piteni hapo kabla ya chakula. Atakayempenda mmoja wao aje nasi kituoni Jumamosi, na kikapu chenye mfuniko.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.