Saini ya Mahudhurio Si Ridhaa: Barua kwa Vijana Wetu wa Tathmini ya Mazingira

Wanangu wa Unguja na Pemba mliosomea mazingira, mnaozunguka mashehiani mwetu na makabrasha ya tathmini ya athari za miradi kwa mazingira,

Assalamu alaikum.

Nawaandikia nikiwa na hasira, na ni bora niliseme hilo mapema msije mkadhani ukali wangu ni wa uzee tu. Hivi karibuni baadhi yenu mlikuja kwenye skuli yetu hapa Pemba kuchukua maoni ya wananchi juu ya machimbo ya kokoto, pamoja na bwawa litakalohifadhi tope linalobaki baada ya mawe kusagwa na kuoshwa. Bwawa hilo limechorwa juu ya bonde tunalolima mpunga, na maji ya bonde hilo huteremkia kwenye mikandaa kabla ya kufika pwani, ambako wanawake wetu wamefunga kamba zao za mwani. Ripoti mliyokuja nayo ilikuwa nene, imejaa picha za rangi, na yote imeandikwa kwa Kiingereza. Muhtasari wa Kiswahili ulikuwa ukurasa mmoja, ukieleza ajira na barabara. Habari ya tope haikutajwa.

Bibi mmoja aliyekaa nyuma, kwa sababu viti vya mbele vilikwisha kukaliwa na wanaume kama ilivyo desturi yetu mbaya, aliuliza: masika yakishika, maji ya bwawa hilo yatatokea wapi? Kijana wenu alimjibu kwa adabu kwamba suala hilo limezingatiwa ndani ya ripoti. Bibi akakaa. Kisha ikazungushwa karatasi ya mahudhurio, yenye jina, nambari ya simu na saini, na kila aliyesaini akapewa soda na nauli. Baadaye nilipata kuiona nakala ya ripoti iliyokamilishwa. Karatasi ile ile imeambatishwa mwishoni, chini ya maelezo kwamba wananchi wameshirikishwa na wameuridhia mradi, na swali la yule bibi halimo mahali popote.

Wanangu, kuhudhuria si kuridhia. Mtu aliyetia saini amethibitisha kuwa alikuwepo, na pengine kwamba amepokea nauli yake. Kulitumia jina lake kusema alikubali jambo ambalo hakuelezwa kwa lugha yake ni kumsingizia. Wala msiniambie kwamba watu hawakupinga. Mwananchi aliyekaa mbele ya sheha, mwekezaji na wataalamu wenye kompyuta hapingi kwa urahisi, hasa akiwa ameambiwa kabla ya kikao kwamba mradi ni wa maendeleo na wenye kuuliza sana ni wapinga maendeleo. Na sisi wazazi tuna lawama yetu: tumewazoesha watu kwamba mkutano usio na posho si mkutano, kwa hiyo anayekuja na bahasha hukuta ukumbi umejaa, na anayekuja na ramani hukuta viti vitupu.

Najua mtakalonijibu, kwa kuwa mmoja wenu alikwisha kunijibu: mzee, hili ni tope la mawe, si topesumu ya migodi ya dhahabu, halina sianidi, ile sumu ya kuchenjulia dhahabu. Ni kweli halina. Lakini tope huua hata lisipokuwa na sumu, kwa uzito wake na kwa maji yaliyomo ndani yake. Mwadui, kule Shinyanga, ni mgodi wa almasi, na ukuta wa bwawa lake la tope ulipasuka tarehe 7 Novemba 2022, tope likaingia kwenye nyumba na mashamba ya majirani. Huko Brazil, kwenye mgodi wa chuma wa Brumadinho, bwawa lililokuwa halipokei tope tena lilivunjika tarehe 25 Januari 2019 na kuua watu 270, wengi wao wafanyakazi wa mgodi, ambao ofisi na ukumbi wao wa chakula vilijengwa chini ya ukuta huo. Bwawa lile lilikuwa na cheti cha wakaguzi kinachosema ni imara, kilichotolewa miezi michache tu kabla. Na miaka mitatu nyuma, mwezi Novemba 2015, bwawa jingine la nchi hiyo hiyo, karibu na mji wa Mariana, lilivunjika na kuua watu 19, na tope lake likafuata mto kwa mamia ya kilomita mpaka baharini. Sisi wa visiwani, ambao kutoka mlimani hadi pwani ni mwendo wa miguu, tulipaswa kuwa wa mwisho kulipuuza swali la maji yanatokea wapi.

Muulizeni pia mhandisi ukuta utapandishwa kwa njia gani. Kuta za mabwawa yote mawili ya Brazil ziliongezwa kimo kwa kujenga tabaka jipya juu ya tope lenyewe, na tope lililoshiba maji likitikisika au likilemewa hugeuka uji. Chile, nchi ya matetemeko, ilikwisha kuipiga marufuku njia hiyo tangu 1970. Brazil ilisubiri mpaka 2019.

Na wa kuipima ripoti yenu yuko hapa hapa Zanzibar, kwa kuwa mazingira si jambo la Muungano. Bara wana sheria yao ya 2004 na chombo chao cha kuisimamia. Sisi tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya 2015 na mamlaka yetu ya mazingira, ZEMA. Mtaalamu anayeandika ripoti hulipwa na mwenye mradi, na hilo pekee lingetosha kumfanya awe mwangalifu mara mbili. Mamlaka haiwezi kulipima swali ambalo ninyi mmelifuta kabla halijaifikia.

Mengine nitayataja tu. Nendeni eneo la mradi wakati wa masika, si kiangazi peke yake. Wanawake wasikilizwe katika kikao chao. Muhtasari wa Kiswahili ubandikwe kwa sheha na msikitini wiki kadhaa kabla ya mkutano. Ijulikane nani atalinda ukuta machimbo yakifungwa, na fedha za kazi hiyo ziwekwe mapema, maana mwekezaji huondoka na tope hubaki.

Nawapenda, na niliposikia mmehitimu nilifurahi kama mzazi wenu. Wengine mlikaa darasani mwangu. Ndiyo maana sitanyamaza. Nakala ya barua hii nimempa sheha, na wazee tumekubaliana kukutana Ijumaa baada ya sala kuandika maoni yetu kwa mamlaka, likiwamo kila swali lililoachwa. Anayetaka kutusaidia aje na ramani ya mkondo wa maji, na nauli asilete.