Leseni ya kituo cha upasuaji si ya kutundika ukutani tu

Mhariri,

Kuna msomaji wenu aliandika wiki iliyopita eti Marekani mwenye hela zake anafungua kituo cha upasuaji kama anavyofungua saluni, ni sisi huko nyumbani ndo tunasumbuana na makaratasi. Nimecheka kweli. Mimi niko Columbus, Ohio, nafanya kazi kwenye kituo kimojawapo, vile ambavyo mtu anaingia asubuhi anatolewa mtoto wa jicho au anarekebishwa goti halafu jioni yuko kwake, na kazi yangu ni kuosha na kuchemsha vyombo, kwa hiyo hayo makaratasi nayajua mpaka harufu.

Kwanza leseni si moja. Jimbo lina yake, na ukitaka Medicare, yaani ile bima ya serikali ya wazee, ikulipe, lazima utimize na masharti ya serikali kuu, na hayo hayafanani. Mfano ule mkataba wa maandishi na hospitali, kwamba mgonjwa akizidiwa watampokea: serikali kuu iliacha kuudai mwaka 2019, Ohio bado wanautaka. Ukisoma upande mmoja tu umeumia.

Halafu wakaguzi hawapigi simu. Kwetu walitokea tu asubuhi na vitambulisho vyao, wala hawakuangalia kochi jipya la bosi, wakaomba daftari la jenereta. Jenereta kila mwezi linawashwa, linabeba umeme wa jengo nusu saa na mtu anaandika. Mwezi mmoja ulikuwa mtupu, fundi aliliwasha akasahau kuandika, na kwa wale watu kisichoandikwa hakijafanyika, tukaandikiwa kosa na siku kumi za kupeleka mpango wa kurekebisha.

Nilinuna siku nzima. Ila ukikumbuka ya Las Vegas unatulia. Kule mwaka 2008 iligundulika kituo cha kupima utumbo kwa kamera wahudumu wanarudisha bomba la sindano lililotumika kwenye kichupa cha dawa ya usingizi, kichupa chenyewe ni cha mgonjwa mmoja, wao wanaendelea nacho kwa anayefuata. Watu zaidi ya 40,000 wakaandikiwa barua waende wakapime homa ya ini na ukimwi. Na kituo kilikuwa na leseni jamani! Baadaye wakakaguliwa vituo 68 vya Maryland, North Carolina na Oklahoma, 46 wakakutwa na angalau kosa moja la kuzuia maambukizi.

Mahali nitakapomuunga mkono huyo msomaji ni hapa tu: kuna majimbo kabla hujaweka hata tofali unatakiwa uthibitishe kwamba eneo linahitaji kituo chako, na hospitali kubwa za jirani zinaruhusiwa kuja kukupinga. Hiyo mimi naona ni kulinda biashara za watu, mgonjwa hayumo. South Carolina waliifuta 2023 kwa vituo kama vyetu na hakuna aliyelia isipokuwa wenye hospitali.

Lakini bomba la sindano na daftari la jenereta, hapo asiguse. Fundi wetu siku hizi kalamu kaifunga kwa kamba kwenye jenereta lenyewe.

Msomaji wenu,
Columbus, Ohio