Mwambie Salim ukweli kabla ya Jumatano

Kibokoni, Mombasa

Kwa shoga yangu mpenzi Rukia,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, na mama anakusalimu sana. Mwanaisha amenieleza kwamba Salim atapasuliwa ngiri Jumatano, na kwamba umemwambia mnavuka feri kuja kutembea Mama Ngina. Hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi.

Rukia, nakuomba usimvushe mtoto kwa hadaa. Wodini kwetu huja watoto walioahidiwa viazi karai wakajikuta wanavishwa gauni la hospitali, na tangu hapo hawamwamini mtu, hata mama. Mtoto anayeingia kupasuliwa akiwa na hofu kubwa huweza kuzinduka na fadhaa, akahisi maumivu zaidi, na akirudi nyumbani akaanza tena kukojoa kitandani.

Kwa miaka yake 5, mwambie siku chache kabla. Mweleze kwamba daktari atautengeneza ule uvimbe wa kinenani, kwamba atapewa dawa ya kumlaza asihisi kitu, kwamba ataamka, na kwamba patauma kidogo lakini dawa ya maumivu ipo. Mwambie pia kwamba hakufanya kosa lolote, kwa maana watoto wa umri wake hudhani wanaadhibiwa.

Barakoa ya nusukaputi ndiyo inayowatisha wengi. Kuna msichana niliyempa barakoa tupu amvishe mwanasesere wake. Alimvisha, akaivua, akajivisha mwenyewe na kupuliza kama anayejaza puto, na siku yake ilipofika aliinyooshea mkono bila kulia. Nitakutumia moja kwa Mwanaisha, Salim aichezee.

Muulize daktari wa nusukaputi kuhusu dawa ya kunywa ya kumtuliza, ambayo hutolewa kama nusu saa kabla. Njaa na kiu nazo huzidisha hofu: kwa kawaida chakula husimamishwa muda wa saa 6 kabla, lakini maji matupu huruhusiwa mpaka zibaki saa 2, ingawa neno la mwisho ni la daktari wenu.

Na wewe mwenyewe, moyo wako u vipi, maana Salim atausoma uso wako kabla ya kusikia maneno yako? Je, wamekubali uingie naye mpaka alale? Baba yake atakuwapo, au bado yuko safarini? Yule simba wake wa kitambaa bado analala naye? Nijibu kabla ya Jumapili, nipate kubadilishana zamu niwe nanyi asubuhi hiyo.

Wako akupendaye,
Zuhura