Nguvu ya kampuni kubwa huanzia kwenye fedha za kampeni

Mhariri,

Wagombea wanaojiandaa kwa uchaguzi wa Agosti 2027 wameanza kutuahidi kwamba serikali yao itayakomesha makampuni yanayomkamua mwananchi. Ningependa wapiga kura wenzangu wa Nairobi wamuulize kila mmoja wao swali moja: ni nani anayegharamia mikutano yako?

Sheria za kuyadhibiti makampuni tunazo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inairuhusu Mamlaka ya Ushindani kuitoza kampuni faini ya hadi asilimia 10 ya mauzo yake ya mwaka, na mwaka 2023 mamlaka hiyo ilizitoza kampuni tisa za chuma Sh338.8 milioni kwa kula njama ya kupanga bei, njama iliyomuumiza kila aliyekuwa akijenga nyumba yake Ruai au Kasarani huku akinunua nondo chache kila mwisho wa mwezi. Kazi ile ilikuwa njema na inastahili kusifiwa. Hata hivyo, bodi ya mamlaka hiyo huteuliwa na serikali, na serikali inayoingia madarakani kwa fedha za matajiri wachache itaona uzito kumtuma mtu akawachunguze matajiri hao hao.

Ndiyo maana naamini kwamba serikali mpya inapaswa kuanza na Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi ya mwaka 2013, ambayo haijawahi kutumika katika uchaguzi mkuu hata mmoja. Mwaka 2017 utekelezaji wake ulisitishwa, na kabla ya uchaguzi wa 2022 Bunge lilizikataa kanuni za tume ya uchaguzi (IEBC) zilizoweka kikomo cha matumizi na michango. Inasikitisha kwamba waliozikataa ni wale wale ambao zingewabana.

Pamoja na hilo, daftari la wamiliki halisi wa kampuni, ambalo kampuni zimetakiwa kulijaza tangu 2020, lifunguliwe kwa kila raia, ili tuweze kulinganisha majina ya wachangiaji na ya wanaopewa zabuni.

Kanuni za kikomo cha fedha za kampeni zipelekwe tena Bungeni katika mwaka wa kwanza wa serikali mpya, wakati uchaguzi unaofuata ungali mbali, kwa sababu mbunge ambaye tayari ameanza kuchangisha fedha za kampeni hatakubali kuwekewa kikomo.

Msomaji wako,
Nairobi