Tembo 37 mmewataja, Polybius mmemuacha

Mhariri, salamu. Ile makala yenu ya Jumapili ya Hannibal, jemadari wa Carthage ya Afrika Kaskazini, kuvuka milima ya Alps kwenda kuipiga Roma nimeisoma mara mbili, imenoga kwa kweli, ila kuna kitu kimenikera kidogo. Mmeandika alikuwa na tembo 37, mmeandika aliingia Italia na askari wa miguu 20,000 na wapanda farasi 6,000, halafu hamjasema hizo namba zimetoka wapi. Zimetoka kwa mwanahistoria mmoja Mgiriki anaitwa Polybius, na maisha yake tu yanatosha makala nzima.

Huyu jamaa kazaliwa Megalopolis, Ugiriki, karibu mwaka 200 KK, baba yake Lycortas alikuwa mzito kwenye siasa za muungano wa miji ya Achaea na mwenyewe akafika kuwa kamanda wa wapanda farasi. Sasa Warumi walipoipiga Macedonia mwaka 168 KK wakaanza kuulizana nani alikuwa na sisi kweli na nani alikuwa anasikilizia upepo, wakabeba Waachaea 1,000 wakawapeleka Italia bila kesi wala nini, miaka kama 17 hiyo, na waliorudi hawakuzidi 300. Hata siku wanajadiliwa kurudishwa, mzee Cato, mwanasiasa wa Roma, alilalamika kwamba baraza zima la Roma linakaa kubishana kama vizee vya Kigiriki vizikwe Italia au kwao!

Polybius yeye aliachwa Roma penyewe, akazoeana na kijana wa Kirumi, Scipio Aemilianus, na urafiki wenyewe ulianzia kwenye kuazimana vitabu tu. Mwaka 146 KK Warumi wanaiteketeza Carthage yeye yuko pale pale, na kamanda wao ni huyo huyo rafiki yake Scipio.

Ila mi kilichonivutia ni kwamba stori za kusimuliwa alikuwa hazimezi hivi hivi. Kwa ajili ya Hannibal alienda Alps kuiona njia mwenyewe na akawahoji watu waliokuwepo enzi hizo. Hizo namba za askari mlizoandika alizikuta Lacinium, kusini mwa Italia, kwenye bamba la shaba aliloandikisha Hannibal mwenyewe. Na mwanahistoria wa kabla yake, Timaeus, aliyekaa Athens miaka 50 anaandika historia ya kutoka vitabuni, Polybius alimchamba karibu kitabu kizima, kile cha 12 cha historia yake.

Si kwamba alikuwa malaika. Anamsifia Scipio mpaka unachoka, na Waaetolia, mahasimu wa kwao, ni nadra awaone wana jema. Uandishi wake nao mkavu, Dionysius wa Halicarnassus, mwandishi Mgiriki wa baadaye, alimuweka kwenye kundi la waandishi ambao hakuna anayevumilia kuwasoma mpaka mwisho, labda ndo maana kati ya vitabu vyake 40 vimebaki vizima 5 vya kwanza tu na vingine ni vipande.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, mkiandika tena mambo ya kale wekeni hata mstari mmoja chini, habari hii kaisema nani na aliipataje. Na siku mkimuandika Polybius mwenyewe msiruke alivyokufa, inasemekana alikuwa anarudi kutoka shamba akaanguka kwenye farasi, akaugua ikawa ndo basi, na hapo ana miaka 82 bado anapanda farasi!

Msomaji wenu,
Tanga