Gari yangu ipo uani, njooni muipime

Mhariri, assalaam alaykum.

Naomba kinafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na najua hii itakuwa ndefu, ukitaka kukata kata ila pale mwisho nnaposimulia habari ya dirisha la ofisi ya kuandikisha gari niachie, maana ndo nliyokalia kuandika.

Mie ni fundi wa grili na mageti, Fuoni. Kazi yangu skwea paipu na mashine ya kuchomelea kutwa nzima, ukipita mtaani kwetu utaisikia grainda kabla hujaiona nyumba. Miaka mitatu nyuma nlianza kujenga gari. Sio kutengeneza, kujenga. Gari ya watu wawili, haina paa, haina milango, boneti ndefu, na taa mbili zimesimama nje ya bodi kama macho ya kaa, ndo maana watoto wa mtaani wameipa jina la Kaa na mie nimelikubali. Asili yake ni Lotus Seven, gari ya mbio ya Kiingereza iloanza kuuzwa 1957. Yangu ni ya kuigiza tu, hakuna hata nati moja ilotoka Uingereza.

Watu huniuliza kwani si ungenunua Vitz? Suali zuri, na mke wangu ashalijibu mara nyingi kuliko mie na jibu lake haliwezi kuchapishwa gazetini.

Lakini hii gari ina kisa chake. Huyo Colin Chapman aloianzisha Lotus, gari yake ya mwanzo kabisa aliijenga 1948 kutokana na Austin Seven kuukuu, ndani ya gereji ya wazazi wa mchumba wake. Nlivosoma hapo nikamwita mke wangu nikamwambia unaona, huyu kaijengea ukweni, mie angalau nipo kwangu. Hakucheka. Hiyo Seven alokuja kuitoa baadae ni kiunzi cha paipu, bati za alumini juu yake, injini mbele, difu nyuma, basi, uzito wake nusu tani hivi, yaani nusu ya gari nyingi unazoziona Darajani. Na ikiuzwa vipande vipande mtu akafunge mwenyewe kwao, kwa sababu Uingereza wakati ule gari nzima ilikuwa na kodi na vipande havina. Husimuliwa kuwa sheria ilikataza kumpa mnunuzi karatasi ya maelekezo ya kufunga, basi wakampa ya kufungua, akaisoma kutoka mwisho kuja mwanzo. Wallahi hapo nliwapenda, akili hiyo ni ya Kiswahili kabisa.

Lotus waliacha kuitoa, 1973 kampuni ya Caterham wakaichukua na mpaka leo wanaitengeneza, lakini huko kwao watu chungu nzima wamejijengea za kwao majumbani kwa vyuma vya Ford Escort mbovu. Sie Escort tutaipata wapi. Escort yetu ni Toyota Corolla KE70, ile ya pembe pembe ya miaka ya 80, injini mbele na difu nyuma, ndo inayotakiwa, maana hizi ndogo ndogo zinazoshuka bandarini sikuhizi karibu zote zinavuta mbele na hazinifai.

Yangu nliipata Bububu nyuma ya nyumba ya mzee mmoja, imekaa chini ya mwembe, kuku wanatagia siti ya nyuma. Bodi ishaliwa na chumvi, ukibonyeza fenda kidole kinaingia, na chini ya zulia unaiona ardhi. Lakini difu nzima, na mikono yake minne na springi zake za koili, giaboksi nzima, propela nzima, hub za mbele na breki zake. Injini ndo ilikuwa imejam, aina yake 4K. Nikaenda kwa watu wa spea nikachukua 5K ilotoka kwenye Liteace. Hapo nlijidanganya kidogo. Ni ndugu kweli hizi injini mbili na ile giaboksi inaingia, lakini kwenye Liteace injini imelazwa ubavu ipite chini ya siti, ukija kuisimamisha kwenye gari nyengine sampu, lile bakuli la oili la chini, inakaa upande na oili inakwenda kusikostahiki. Ikabidi nivue sampu na paipu ya kunyonyea oili kwenye ile 4K iliyokufa nimpachike huyu mzima. Maiti kampa hai figo.

Sasa kiunzi. Unachukua plaiwudi, unaichora gari kwa penseli kama ramani, halafu unapigilia vibao pembeni ya kila mstari ili paipu ikilala isitembee. Paipu ni za inchi moja, unene milimita 1.6, ndo geji 16 ile. Duka la mwanzo kijana kanipa za 1.2 kasema mzee zote sawa hizi, za grili. Nlikuwa na venia ya kupimia unene mfukoni. Kwa grili ni sawa kweli, mwizi hapigi kona na spidi 80.

Na pamoja na ufundi wote huo nliharibu. Kwenye grili mie nimezoea kuchomelea upande mmoja nikamaliza, nikageuza nikachomelea wa pili. Nikafanya hivohivo, usiku mmoja wa Ramadhani baada ya tarawehe, nikaenda kula daku nimefurahi. Asubuhi nikapima kwa tepu kona kwa kona, msalaba, huu umezidi huu kwa milimita 9. Chuma ukikichomelea kikipoa kinajivuta, na kama umechoma upande mmoja tu kinavutia upande huo, hakuna mchomeleaji asojua. Ila dirisha likipinda milimita 9 plasta inakusitiri. Gari ikipinda milimita 9 ndo inakuwa kaa kweli, inakwenda ubavu. Nikatia diski mpya kwenye grainda nikakata viungo kumi na nne, kimoja kimoja, huku jirani yangu kakaa juu ya tairi ananiuliza kama na hii nimeisoma kwa Muingereza. Mara ya pili nikapiga doti kila kona kwanza, kisha kidogo hapa, kidogo kule ng'ambo, juu, chini, kama unavokaza nati za ringi. Ikatoka milimita moja. Ile plaiwudi bado ninayo, ina alama za moto kila pahala, siitupi.

Stelingi nayo. Reki, ile fimbo ya meno inayosukuma tairi ukikata usukani, nliitoa kwenye gari nyengine ambako kwao imefungwa nyuma ya ekseli, mie nikaiweka mbele kwa kuwa ndo kulikuwa na nafasi, nikafunga kila kitu nikakaa siku mbili naiangalia kwa raha zangu. Binti yangu, darasa la tatu, kapanda gari ipo juu ya stendi anaendesha kwa mdomo, ghafla kanyamaza. "Baba, mbona nkikata kulia tairi zinakwenda kushoto?" Nikamwambia hebu kata tena. Kakata tena. Nikakaa chini. Reki ukiihamisha kutoka nyuma kuja mbele ya ekseli na mikono ya stelingi ukaigeuza iifuate, kila kitu kinakuwa kinyume, na fundi mzima nikaambiwa na mtoto wa skuli. Wiki mbili za kukata na kurejesha hizo.

Pua ya mbele na mafenda nimefanyiziwa kwa faiba na fundi wa boti, kazi safi, ila alinikalisha masika yote anasema resini haikauki vizuri hewa ikiwa na maji, na kweli haikukauka. Na atakaetaka kujenga kama mie huku visiwani nampa moja tu: bati ya alumini usiikalishe juu ya chuma hivihivi ukapiga riveti. Kwa hewa hii ya chumvi, alumini na chuma vikigusana vinalana. Paka rangi chuma kwanza, tia silikoni katikati, ndo upige riveti. Mie upande wa kushoto nliuwahisha, sasa ushaanza kutoa unga mweupe.

Haya. Gari imekamilika, inawaka, breki mbele diski nyuma dramu, taa zote, indiketa, honi, mikanda miwili. Nikaenda ofisi moja inayohusika nikaiandikishe. Siitaji jina, na yule kijana wa dirishani alikuwa muungwana kabisa, simlaumu. Kaniomba kadi. Nikampa ya Corolla, maana yule mzee wa Bububu aliniuzia na kadi yake, na karatasi ya mauziano tulitia saini mbele ya sheha. Kaitazama kadi, kaitazama picha kwenye simu yangu. Kasema hii kadi ni ya gari ya saluni ya milango minne na hii kwenye picha haina hata mlango mmoja. Nikamwambia kweli, basi iandikeni kama gari mpya. Kasema mpya lazima ije na hati za kuingilia bandarini. Nikamwambia haikuingilia bandarini, imezaliwa Fuoni. Kacheka mpaka wenzake wakageuka, kanambia mzee rudi wiki ijayo tutauliza.

Nimerudi mara nne. Mara ya tatu mkubwa mmoja kanishauri kwa nia njema labda niiandikishe kama tela. Mhariri, tela lina injini? Mara ya nne dirisha lilikuwa na mtu mwengine na nikaanza kusimulia upya kutoka kuku wa Bububu.

Sasa nauliza jambo moja. Zile daladala za mbao, ukipanda ya njia 502 kwenda Bububu, ile bodi uliyokalia nani kaijenga? Ni mafundi wetu, hapahapa, kwa mbao na vyuma, juu ya chesesi ya lori dogo lilokuja kutoka nje. Watu wamebanana ndani, magunia na baskeli juu, na zina namba ya Z mbele na nyuma. Nami nimezipanda tokea nasoma, sizisemi vibaya. Nasema tu kwamba fundi wa Unguja kujengea bodi juu ya chesesi ya watu anajulikana na ana njia yake miaka yote, aliejenga na chesesi mwenyewe ndo hana mlango wa kugonga. Na sio mie peke yangu, nimeona kwa macho yangu vijana wanaounga guta za kubebea mizigo kwa injini za pikipiki, na zote zinatembea usiku usiku kwa kujificha, hakuna aliewahi kuzikagua hata taa. Hiyo ndo usalama?

Wasiwasi wa ofisi naujua. Mtu akichomelea ovyo, paipu za 1.2, stelingi kinyume kama yangu ile, akaingia barabara ya uwanja wa ndege akamuua mtoto wa watu. Nakubaliana nao mia kwa mia. Ndo nasema nipimeni. Huko Uingereza gari ya kujenga nyumbani haikataliwi wala haiachiwi hivihivi, inapelekwa kukaguliwa peke yake kabla haijapewa namba: breki, stelingi, taa, mikanda, moshi, kelele, mpaka ncha kali za bodi zinazoweza kumkata mpita njia. Ikishindwa unarudi nayo kwenu ukatengeneze. Na ikiwa imeungwa kwa vyuma vya mchanganyiko vikuukuu umri wake haujulikani, hupewa namba ya herufi Q, kila anaeiona anajua hii ni ya namna gani na atakaeinunua hadanganyiki. Hakuna siri, hakuna kusema imetoka Japani. Sie tukitia herufi yoyote tutakayo mie nitaibandika kwa furaha.

Mkaguzi mkisema hamna, pale Mbweni chuo cha Karume kuna walimu wa ufundi, mmoja aje na wanafunzi wake, nitawapa na chai. Picha za kila kiungo nlipiga kabla sijapaka rangi, zipo kwenye simu na nimezisafisha nyengine. Namba ya injini inasomeka. Namba ya chesesi sijaigonga makusudi, nnataka niigonge mbele ya mtu wa serikali na yeye aiandike. Ada nitalipa, bima nitakata. Wakisema kiungo fulani hakifai nitakikata mbele yao, grainda hainitishi, nishakata kumi na vinne.

Kwa sasa Kaa yupo uani chini ya turubai, kila Ijumaa nkitoka msikitini namwasha robo saa na yeye asije akajam kama mwenzake, namtoa mpaka getini, namrudisha. Mke wangu kashaanza kuanika kanga juu ya ile paipu ya nyuma ya siti. Atakaekuja naomba aje baada ya alasiri, asubuhi huwa na wateja wa grili. Ukifika Fuoni usiulize jina langu, uliza kwa Kaa.

Fundi wa grili,
Fuoni, Unguja