Tuitazame Romania kabla ya kuwalaumu madaktari

Mhariri,

Kila daktari au muuguzi wetu anapopanda ndege kwenda kufanya kazi Ulaya, hawakosi watu wa kumwita msaliti. Naomba nafasi nieleze kwa nini lawama hiyo inampata asiyestahili, na ushahidi wangu ni Romania.

Nchi hiyo ilijiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2007, na shahada ya udaktari ya chuo cha Cluj au Iași, miji ya Romania, ikawa inatambuliwa Ujerumani na Ufaransa. Mlango ulikuwa wazi, lakini waliowasukuma madaktari nje ni watawala wao wenyewe. Mwaka 2010, uchumi ulipoyumba, serikali ilikata mishahara ya watumishi wa umma kwa asilimia 25 na kubana ajira mpya. Mwaka uliofuata ikafunga hospitali 67. Daktari kijana aliyesoma miaka 6 angebaki akingoja nini? Maelfu waliondoka, na wauguzi wengi wakaelekea Italia.

Wala si mshahara tu. Oktoba 2015, moto uliozuka katika ukumbi wa muziki jijini Bucharest uliua watu 64. Baadhi yao walitoka ukumbini wakiwa hai, kisha wakafia hospitalini kwa vijidudu vya wodini. Miezi michache baadaye ikafichuka kwamba dawa za kuua vijidudu zilizouzwa hospitalini zilikuwa zimechakachuliwa. Mpasuaji aliyefanya kazi yake vyema, halafu mgonjwa akaozea kitandani kwa uchafu usio wake, nani atamzuia kuondoka?

Mwaka 2018 madaktari wa umma walipandishiwa mishahara, wengi zaidi ya maradufu. Wimbi la kuhama likapungua, ingawa vijiji vingi bado havina daktari.

Hapa Kenya, mwaka 2024, serikali ilitaka kushusha malipo ya madaktari wanagenzi kutoka Sh206,000 hadi Sh70,000 kwa mwezi. Madaktari waligoma siku 56. Tena tangu 2021 tuna makubaliano ya kupeleka wauguzi Uingereza, ilhali zahanati zetu zinawahitaji na waliohitimu wanakaa nyumbani bila kazi.

Naisihi Wizara ya Afya isitie saini mkataba mwingine wa aina hiyo kabla ya kuwaajiri hao. Na nchi inayowataka wataalamu wetu ilipie gharama ya kuwasomesha watakaoziba nafasi zao.

Mzazi wa mwanafunzi wa uuguzi,
Mombasa